Jiwe, Chokaa na Neno: Hoja kuhusu Lugha ya Hifadhi katika Mji Mkongwe wa Unguja

1.0 Utangulizi

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao. Jumba hilo, lililojengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, lilikuwa limekwisha kutoa onyo, kwani sehemu yake nyingine ilikwishaanguka mwaka 2012. Na siku ya mkasa wenyewe kazi ya matengenezo ilikuwa ikiendelea. Tangu hapo mjadala kuhusu hifadhi ya Mji Mkongwe umetawaliwa na masuala ya fedha, uhandisi na usimamizi. Masuala hayo yana uzito wake, wala si kazi ya mwanaisimu kuwafundisha wahandisi taaluma yao. Hata hivyo, limo swali moja ambalo wanaisimu ndio wenye wajibu wa kuliuliza, nalo halijaulizwa vya kutosha: kazi ya hifadhi hufanywa kwa lugha gani, na ujuzi wa kuitunza nyumba ya mawe umo katika maneno ya nani?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuzitazama hasa jumuiya na taasisi za hisani zinazojishughulisha na majengo ya kale. Rai inayotetewa ni kwamba hifadhi ya nyumba ya mawe ni kazi isiyokwisha, inayorithishwa kwa mazoea na kwa msamiati wa waashi na wakazi. Kwa hiyo jumuiya yoyote inayoichukulia kazi hiyo kuwa mradi wenye tarehe ya kumalizika, na inayouandika ujuzi wake kwa lugha asiyoisoma fundi, huokoa ukuta wa leo na kuupoteza wa kesho. Aidha, inadaiwa kwamba Kiswahili chenyewe, kwa maneno mawili ya kawaida, yaani hifadhi na wakfu, tayari kinayo nadharia bora zaidi ya kazi hiyo kuliko ile inayotumika katika miradi mingi.

2.0 Mji na Watunzaji Wake

Ni vyema kwanza kuutaja mji wenyewe na wanaoutunza. Mji Mkongwe ulianza kuwa na mamlaka yake maalumu ya hifadhi na uendelezaji mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia, eneo lenye hekta 96. Pamoja na mamlaka hiyo ya serikali zimekuwapo juhudi za hisani. Taasisi ya utamaduni iliyo chini ya Aga Khan iliikarabati Zahanati ya Kale, jengo ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa ufadhili wa tajiri Tharia Topan, na baadaye ikaitengeneza upya bustani ya Forodhani, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Mwaka 2002 wananchi na wapenzi wa mji waliunda jumuiya ya kiraia ya kuutetea urithi wake. Shirika la World Monuments Fund nalo lilishiriki katika ukarabati wa Kanisa Kuu la Mkunazini, uliokamilika mwaka 2016.

Kazi hizo ni za kushukuriwa. Bila ya hizo, baadhi ya majengo yanayotajwa katika vitabu vya historia yangekuwa viwanja vya kuegeshea magari. Hoja zinazofuata hazikusudii kuzibeza, bali kuonyesha pengo ambalo kazi hizo, kwa namna zinavyopangwa, haziwezi kuliziba peke yake.

Hata jina la mji lina funzo. Kiingereza huuita Stone Town, kwa kuitazama mali ghafi yake, yaani jiwe. Kiswahili huuita Mji Mkongwe, kwa kuutazama umri wake. Kivumishi -kongwe hutumika aghalabu kwa mtu au kitu kilichodumu muda mrefu, na mkongwe, tofauti na jiwe, huhitaji kutunzwa kila siku. Upande wa pili wa mji uliitwa Ng'ambo kwa sababu palikuwa na mkono wa bahari uliozitenga pande hizo mbili, na sokoni paliitwa Darajani kwa sababu ya daraja lililovuka maji hayo. Maji yalifukiwa katika karne ya 20 na daraja halipo, lakini majina yapo. Hapana kibao wala ramani iliyoyatunza. Yametunzwa na kutamkwa kwake kila siku. Hii ni hifadhi ya aina fulani, nayo ndiyo inayochunguzwa katika sehemu ifuatayo.

3.0 Dhana ya Kuhifadhi

Kitenzi -hifadhi kilikopwa kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili kina matumizi mawili makuu. La kwanza ni kulinda kitu kisipotee au kisiharibike. Kwa maana hii husemwa hifadhi ya wanyama, hifadhi ya nyaraka na hifadhi ya mji. La pili ni kutia jambo moyoni kwa kulikariri. Kwa maana hii mwanafunzi wa chuoni huhifadhi Kurani. Matumizi haya mawili kwa kawaida huorodheshwa katika kamusi kana kwamba ni maana mbili zilizotengana. Lakini mtu akitafakari ataona kwamba ya pili ndiyo inayoieleza ya kwanza. Aliyehifadhi sura hawezi kusema kwamba amemaliza. Akiacha kuirudia, itamtoka. Uhifadhi wake umo katika kurudia.

Nyumba ya mawe ya pwani ina tabia hiyo hiyo. Kuta zake ni za matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii huvuta unyevu na kuutoa. Chokaa iliyopakwa juu yake huuachia unyevu nafasi ya kutoka, na yenyewe huliwa kidogo kidogo na mvua na chumvi. Kwa hiyo lipu ya chokaa haikukusudiwa kudumu. Ilikusudiwa kupakwa tena, na kuifanya upya mara kwa mara ndiko kuliuweka ukuta hai. Paa likiachwa livuje, maji huingia katika vichwa vya boriti pale zilipopachikwa ukutani, boriti huoza, na dari hushuka. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hufundishwa shuleni kuwa ni sitiari ya maisha. Kwa mkazi wa Mji Mkongwe si sitiari. Ni kanuni ya ujenzi.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi neno hifadhi lina madai makubwa zaidi kuliko neno ukarabati. Ukarabati una mwanzo na mwisho: jengo hufungwa, hutengenezwa, huzinduliwa. Hifadhi haizinduliwi. Katika taarifa nyingi za miradi maneno haya mawili hutumiwa kama visawe, na kwa kufanya hivyo kazi isiyokwisha hupewa sura ya kazi iliyokwisha.

4.0 Ushahidi wa Msamiati

Ujuzi wa waashi wa pwani haukuandikwa katika vitabu vya waashi. Uliwekwa katika lugha. Mifano michache inatosha kuonyesha ni kiasi gani cha maarifa kimo katika msamiati huo, na ni kiasi gani kinaweza kupotea bila ya mtu yeyote kubomoa jiwe.

Mfano wa kwanza ni nomino sakafu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya paa. Katika Kiswahili cha leo wengi huielewa sakafu kuwa ni sehemu ya chini inayokanyagwa, na mwanafunzi anayejifunza Kiarabu hushangaa kuona neno limeanguka kutoka juu hadi chini. Hakuna ajabu. Katika nyumba ya ghorofa ya mawe, tabaka la mawe madogo na chokaa linalotandazwa juu ya boriti ni paa kwa aliye chini na ni chini kwa aliye juu. Neno lilifuata tabaka, si mwelekeo. Kuna pia kitenzi -sakifu, yaani kutengeneza tabaka hilo, na kitenzi -pigilia, kinachotaja kulishindilia kwa vigongo mpaka likashikana. Kazi hiyo ya kupigilia ilifanywa na kundi la watu kwa pamoja, kwa mapigo ya kufuatana na kwa nyimbo. Mtafiti anayeandika tu kwamba nyumba ina sakafu ya chokaa amelitaja zao na kuuacha utaratibu ulilolizalisha.

Mfano wa pili ni kitenzi -aka, chenye maana ya kujenga kwa mawe. Kitenzi hiki kimekwisha kufifia katika mazungumzo ya kila siku, na mahali pake pamechukuliwa na -jenga, kisichobagua jiwe, udongo wala mabati. Lakini nomino zilizonyambuliwa kutokana nacho, mwashi na uashi, zingali zinatumika. Kimofolojia jambo hili ni la kawaida. Mzizi hufa na tawi likabaki. Kijamii lina maana nzito zaidi. Jamii iliyokuwa ikitofautisha kujenga kwa mawe na kujenga kwa njia nyingine iliiona kazi ya kwanza kuwa ni fani yenye kanuni zake. Tofauti inapofutika katika kitenzi, ni rahisi pia kufutika katika malipo, katika mafunzo na katika mkataba wa kazi, na yeyote mwenye mwiko akaitwa fundi wa kutosha kuushika ukuta wa miaka 150.

Mfano wa tatu ni neno saruji, na huu una madhara ya moja kwa moja. Katika Kiajemi, na katika ujenzi wa jadi wa Oman, neno hilo hutaja mchanganyiko wa udongo uliochomwa na chokaa, yaani kiungo cha jamii moja na kile kinachofaa katika kuta za matumbawe. Katika Kiswahili cha leo saruji ni ile ya kiwandani, ya kijivu, iliyofungwa katika mifuko. Saruji hii ni ngumu kuliko jiwe inalolifunika na huuzuia unyevu usitoke. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu yake huonekana imara kwa miaka michache huku ndani ukioza. Neno moja, basi, limehama kutoka kwenye dawa hadi kwenye ugonjwa. Mwongozo wa ukarabati unaotafsiriwa kwa pupa na kumwambia fundi atumie saruji ya asili bila ya kueleza ni ipi, unaweza kuangamiza ulichokusudia kukiokoa. Hapa uteuzi wa istilahi ni suala la usalama wa jengo.

Mfano wa nne unatoka nje ya Unguja, lakini unahusiana nayo kwa sababu nyumba za mawe za pwani ni za ukoo mmoja. Katika nyumba ya kale ya Lamu, mji ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mtu hupita dakani, akaingia tekani, akafika kiwandani, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na hatimaye ndani, ambako ukuta hupambwa kwa zidaka. Juu ya njia huweza kuwapo wikio, chumba kinachounganisha nyumba mbili ili watu wa nyumba hizo, hasa wanawake, wapitiane bila ya kushuka mtaani. Mfuatano huu wa majina ni sarufi ya faragha: kila neno humwambia mgeni amefikishwa wapi na anapaswa kukoma wapi. Orodha ya majengo inayoviandika vyumba hivyo kwa nambari tu, cha kwanza, cha pili na cha tatu, hupima urefu na upana kwa usahihi mkubwa, na ikaikosa nyumba.

Mfano wa mwisho ni maarufu, nao ni baraza. Ni kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, na kutoka hapo likawa jina la kikao, kisha la vyombo vikuu vya dola. Wanaisimu hulitaja neno hili kila wanapofundisha upanuzi wa maana. Ni nadra kutajwa kwamba upanuzi huo uliwezekana kwa sababu kibao hicho kilikuwa mali ya nyumba lakini matumizi yake yalikuwa ya mtaa. Mradi unaokarabati nyumba na kuigeuza hoteli, kisha ukaweka kamba mbele ya baraza, umelihifadhi jiwe na kuifuta maana.

5.0 Wakfu kama Nadharia ya Hisani

Jumuiya za hisani za leo hujitambulisha kwa maneno kama ufadhili, msaada na mradi. Ni vizuri kukumbuka kwamba Mji Mkongwe ulikuwa na taasisi yake ya hisani kabla ya maneno hayo kushika nafasi, nayo ni wakfu. Mwenye mali aliisimamisha nyumba au shamba lake lisiuzwe wala lisirithiwe, na mapato yake yakaelekezwa katika jambo alilolitaja: msikiti, kisima, chuo, makaburi, au makazi ya jamaa na maskini. Asili ya neno hilo katika Kiarabu ni kusimama na kusimamisha. Si haba kwamba Kiswahili nacho, kwa mzizi wake wa Kibantu -ima, wenye maana ya kusimama, kimeviita vizingiti vya wima vya mlango miimo. Katika lugha zote mbili kilichosimama ndicho kinachobeba.

Historia ya maana ya neno wakfu inastahili kuzingatiwa. Katika matumizi ya Waislamu wa pwani lilibaki na maana yake ya kisheria. Katika matumizi ya Wakristo, kuweka wakfu kukawa ni kutenga mtu au kitu kwa ajili ya ibada. Katika miongo ya karibuni neno limepanuka tena likawa ni tafsiri ya taasisi za kigeni zenye mtaji wa kudumu, kama vile Wakfu wa Ford. Upanuzi huu wa mwisho umelirudisha neno karibu na pale lilipoanzia: mali inayosimama ili faida yake iendelee kutumika.

Umuhimu wa jambo hili kwa hifadhi ya majengo uko wazi. Msingi unaokubalika katika sheria ya wakfu ni kwamba mapato ya mali hutumika kwanza katika kuitengeneza mali yenyewe, ndipo wanufaika wapate fungu lao. Kwa maneno mengine, matengenezo si zawadi inayosubiri mfadhili. Ni deni la kwanza la nyumba kwa nafsi yake. Kanuni hiyo ndiyo inayokosekana katika miradi mingi. Fedha hutolewa kwa ajili ya ukarabati, jengo huzinduliwa, na baada ya hapo hakuna mapato yaliyofungwa kisheria kwa ajili ya chokaa ya mwaka unaofuata.

Haidaiwi hapa kwamba wakfu ulikuwa mkamilifu. Nyumba za wakfu nazo zilichakaa pale kodi ilipokuwa ndogo kuliko gharama za kuzitunza, na usimamizi wake ulibadilika chini ya serikali ya kikoloni na tena baada ya Mapinduzi ya 1964, ambapo nyumba nyingi za mji zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa kwa pamoja. Hata hivyo taasisi yenyewe ingalipo, ikiwa chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Jumuiya ya hisani inayotafuta njia ya kudumisha kazi yake haina haja ya kuagiza dhana kutoka mbali. Dhana ipo, ina jina, na jina hilo linafahamika na kila mkazi.

6.0 Lugha ya Miradi

Kinyume na hali hiyo, mipango ya hifadhi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa wafadhili, washauri na UNESCO husoma lugha hiyo. Fundi hupokea maelezo kwa mdomo, baada ya kupita kwa msanifu na kwa msimamizi. Maarifa husafiri upande mmoja tu. Fundi anapojua kwamba chokaa fulani haijaiva, au kwamba boriti fulani ilikatwa kabla ya wakati wake, hana ukurasa wa kuliandika jambo hilo, na anapofariki hufariki nalo.

Mji huu wenyewe una mfano wa kale unaoonyesha kwamba mambo yaliweza kuwa vingine. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1870, ndiye pia aliyesimamia ujenzi wa Kanisa la Mkunazini ulioanza mwaka 1873. Malengo yake yalikuwa ya kimisheni, na hapana sababu ya kuyapamba. Lakini linabaki jambo moja: msimamizi wa ukuta alikuwa ndiye mkusanyaji wa maneno, na hakuweza kuliamrisha jiwe bila ya kujifunza jinsi waashi wanavyoliita.

Mfano mwingine wa karibu zaidi, na wa mwenyeji, ni wa Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu (1927–2017). Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, aliueleza ujenzi wa jahazi kwa utenzi, akiviweka ndani yake vifaa, sehemu na hatua za kazi kwa majina yake. Mshairi alitambua kwamba chombo kinaweza kuchorwa na kupimwa na bado kikapotea, endapo hakuna tena anayejua kukitaja. Nyumba ya mawe inastahili kufanyiwa hivyo: kukusanyiwa msamiati wake kwa mpango, kwa lahaja zake, kutoka katika vinywa vya wanaoijenga.

7.0 Pingamizi Mbili

Yumkini mhandisi akasema kwamba maneno hayashikilii dari. Ni kweli. Lakini dari hushikiliwa na mtu anayejua la kufanya, na mtu huyo hufundishwa kwa lugha. Pale istilahi ya kazi inapokosekana, mwanagenzi hufundishwa kwa kuonyeshwa tu. Na mwalimu akiondoka kabla ya kuonyesha yote, hakuna njia ya kuuliza kilichobaki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mkazi wa Mji Mkongwe anaweza kusema kwamba analohitaji ni paa lisilovuja na kodi anayoimudu, si faharasa. Hoja hii inapaswa kukubaliwa, na kwa hakika ndiyo inayoikamilisha ile ya makala haya. Tangu uchumi ulipofunguliwa katika miaka ya 1980, nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli na maduka ya watalii, na familia nyingine zimehamia nje ya mji. Anapohama mkazi, huhama mtu aliyesikia maji yakidondoka usiku na kuujua ufa kabla ya mkaguzi. Huhama pia mtu aliyemwambia mtoto wake jina la kila pembe ya nyumba. Msamiati hauwezi kuhifadhiwa katika mji usio na wazungumzaji, na ukuta hauwezi kuhifadhiwa katika mji usio na wakazi. Mahitaji haya mawili ni hitaji moja.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hifadhi, kwa maana kamili iliyonayo neno hilo katika Kiswahili, ni kurudia kwa uaminifu, na kwamba wakfu ni utaratibu wa kuhakikisha kurudia huko kunalipiwa. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, jumuiya za hisani zitenge, katika kila mradi, sehemu ya fedha itakayosimamishwa kwa namna ya wakfu kwa ajili ya matengenezo ya kila mwaka, na mradi usihesabiwe kuwa umekamilika kabla ya hilo kufanyika.

Pili, kila mpango wa ukarabati uwe na nakala ya Kiswahili iliyoandikwa pamoja na mafundi, ambayo itakuwa na nguvu sawa katika mkataba. Nakala hiyo isiwe tafsiri ya mwisho inayofanywa baada ya mambo yote kuamuliwa.

Tatu, idara za Kiswahili, kwa kushirikiana na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, Baraza la Kiswahili la Taifa na taasisi za makumbusho za Kenya, zianzishe ukusanyaji wa msamiati wa uashi, useremala na uchomaji wa chokaa katika Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Kilwa. Kazi hii inafaa kabisa kwa tasnifu za uzamili. Mwanafunzi atakayekaa miezi sita na waashi atarudi na data ambayo haimo katika kamusi yoyote, na huenda asiipate mwingine baada yake.

Nne, istilahi mpya zinapoundwa kwa ajili ya taaluma ya hifadhi, zianzie katika maneno yaliyopo. Lugha iliyokuwa na kitenzi maalumu cha kujenga kwa mawe haina sababu ya kukopa kabla ya kukitafuta kitenzi hicho na kukirudishia kazi yake.

Beit al-Ajaib hujengwa upya kwa fedha na kwa utaalamu, na ni matumaini ya wengi kwamba jumba hilo litasimama. Lakini mara litakaposimama, kazi ya kulihifadhi ndiyo kwanza itakuwa imeanza, na mtu wa kwanza kuhitajika atakuwa mwashi mwenye ndoo ya chokaa anayejua anachokifanya na anayeweza kumweleza mwanagenzi wake kwa nini.